Aliyeteleza asitupiwe begi nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu ambaye, katika ukurasa wa maoni wa juma lililopita, alizimwagia sifa nyumba za upataji nafuu, wanakokaa watu wanaoacha pombe au dawa za kulevya, zinazomfukuza mgonjwa siku ile ile anapobainika amerudia kutumia. Hoja yake haina mafumbo: mtu kapewa kitanda na ushauri, kaapa mbele ya wenzake, kisha kaenda kunywa, basi ampishe mwingine mwenye nia. Msimamo huo nausikia karibu kila siku, maana kazi yangu ni ushauri nasaha katika nyumba ya aina hiyo. Nausikia kwa wazazi wanaolipa ada, kwa wafadhili, na zaidi ya wote kwa wagonjwa waliokwisha kukaa miezi kadhaa bila kutumia. Hao kwa kuhukumu wenzao hawana mshindani.

Simlaumu kwa kukereka. Mtu akikudanganya usoni huku mdomo unanuka, hata malaika angekereka. Ninachomlaumu ni kuandika kana kwamba jambo hili halijawahi kuchunguzwa na yeyote, kwamba tumebaki na hasira zetu tu. Limechunguzwa, tena kwa miongo mingi, na mmoja wa waliolichimba ni Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyezaliwa Vancouver, Kanada, mwaka 1941, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, kuanzia mwaka 1972 hadi alipofariki dunia mwaka 2011.

Nianze na jaribio lake la mwaka 1973, kwa kuwa ndilo lililonishika mimi. Enzi hizo wengi waliamini kwamba kinachomfanya mlevi ashindwe kujizuia akishaonja ni kileo chenyewe: funda la kwanza likipita kooni mwili unashika usukani, na mtu hana kauli tena. Marlatt na wenzake wawili wakakusanya wanaume 64, nusu yao walevi waliokuwa bado wanakunywa, nusu wanywaji wa kawaida, wakawaambia wamealikwa kuonja vinywaji na kutoa maoni juu ya ladha. Baadhi waliambiwa wanapewa vodka iliyochanganywa na maji ya toniki, soda isiyo na kileo, wengine wakaambiwa ni toniki tupu. Ujanja ulikuwa hapo. Katika kila kundi, nusu walipewa walichoambiwa na nusu walipewa kinyume chake. Toniki ina uchungu wake, kwa hiyo vodka kidogo ndani yake haijitangazi.

Maoni juu ya ladha hayakuwa na kazi yoyote. Kilichopimwa kilikuwa kiasi kilichobaki kwenye vyombo baada ya watu kuondoka. Walioamini wanakunywa vodka walikunywa zaidi, iwe imo au haimo. Na walioamini ni toniki, wakiwemo walevi, hawakufakamia, ingawa pombe ilikuwa imekwisha kuingia mwilini. Baadaye chuoni kwake Marlatt alijenga chumba cha utafiti mfano wa baa kabisa, chenye kaunta na kioo cha kuwatazamia wanywaji kutoka upande wa pili. Natamani ningeiona hiyo baa siku moja, kwa sababu za kitaaluma.

Najua wapo watakaoniruka hapa wakisema nadai ulevi ni mawazo tu. Sidai hivyo. Mnywaji mkubwa wa miaka mingi akikatisha pombe ghafla anaweza kupata degedege, akaweweseka, hata akafa. Huo ni mwili, hauna uhusiano na imani, na ndiyo maana mtu wa namna hiyo hatumpokei kabla hajaonwa na daktari. Jaribio lile lilihusu kitu kimoja: kile kinachotokea kati ya funda la kwanza na yale yanayofuata. Na lilionyesha kwamba hapo katikati kuna mtu bado anafikiri. Anafikiri vibaya pengine, lakini anafikiri.

Marlatt hakuishia kwenye vikombe. Yeye na mwenzake Judith Gordon waliwauliza watu waliorudia: ulikuwa wapi, nani alikuwepo, moyoni kulikuwa na nini. Mwaka 1980 wakishirikiana na mtafiti mwingine walichapisha uchambuzi wa matukio zaidi ya 300 ya watu walioacha kisha wakateleza, wa pombe, sigara, heroini, kamari na ulaji wa kupita kiasi. Karibu robo tatu ya matukio hayo yaliingia katika mafungu matatu tu: hisia nzito kama hasira, upweke na kukata tamaa, ugomvi na mtu wa karibu, na ushawishi wa wenzao. Baadaye walijitokeza wataalamu waliohoji namna mafungu hayo yalivyopangwa, na walikuwa na hoja. Lakini mtu anayekaa na wagonjwa atakwambia kwamba mcheza kamari na mtumia unga, ukiwauliza kuhusu ile siku yenyewe, wanasimulia kisa kimoja.

Kutokana na mahojiano hayo ndipo likaja wazo lililoshika kazi yake yote iliyobaki. Kuteleza ni jambo moja, kurudi kwenye matumizi kamili ni jambo jingine, na kinachomvusha mtu kutoka la kwanza hadi la pili mara nyingi ni tafsiri anayoipa ile mara moja. Akijiambia amekosea katika hali fulani, hatua inayofuata ni kuishughulikia hali hiyo. Akijiambia yeye ni takataka na kiapo kimekwisha kuvunjika, hana tena cha kulinda.

Hili sikulielewa kwenye maandishi. Nililielewa mezani pa mapokezi, katika nyumba niliyofanyia kazi kabla ya hii ya sasa. Baba mmoja wa makamo, mgonjwa mtulivu, aliomba ruhusa ya kutwa kwenda kusaini karatasi za mirathi. Huko ndugu walitupiana maneno, na njiani akirudi akanywa chupa moja ya bia. Alirejea kabla ya muda wake kwisha. Alikuwa ananyonya pipi ya mnanaa, lakini hata hatujamuuliza akaitoa, akaifunga kwenye karatasi yake, akaitia mfukoni na kusema, "Nimekunywa. Moja."

Sheria ya nyumba ilikuwa ile ile anayoisifu mwandishi wenu. Msimamizi hakufoka, hakutukana. Aliinuka tu kwenda bwenini, na baada ya muda akarudi na begi la yule baba likiwa limefungwa, ndala zimechomekwa pembeni. Yule baba alilitazama begi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia saa: "Kwa hiyo moja na kumi ni sawasawa?"

Hakuna aliyemjibu. Akasaini kitabu, akaondoka. Ndugu zake walimkuta siku kadhaa baadaye katika hali ambayo ilibidi apelekwe hospitali, na matibabu yakaanza upya kutoka sifuri, kwa gharama ya watu wale wale. Mwanasaikolojia wa Seattle alikuwa ameeleza kwa kurasa nyingi kile alichokiuliza mgonjwa wetu kwa maneno saba, na sisi wataalamu tuliokuwepo tukamthibitishia kwa begi kwamba ndiyo, ni sawasawa.

Kwa mtumiaji wa heroini mambo ni mabaya zaidi, na hapa naomba mwandishi wenu asome polepole. Mtu akikaa wiki au miezi bila kutumia, mwili hupoteza ule uzoefu wa kuhimili dawa. Kipimo alichokuwa akikitumia zamani na kuendelea na shughuli zake, leo kinaweza kumsimamisha pumzi. Sasa mchukue mtu huyo, mtoe nje jioni akiwa na aibu, hana pa kulala, hana miadi ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na wa kwanza kumpokea ni wale aliotumia nao. Yupo hatarini kuliko siku tuliyompokea. Nyumba inayofukuza kwa namna hiyo inajivunia takwimu safi kwa sababu wanaoharibu takwimu wanaharibikiwa nje ya geti.

Nitaulizwa: je, wengine waliomo ndani? Swali zuri. Anayeingiza dawa na kuwauzia wenzake lazima atolewe humo, na anayepiga watu pia. Sina huruma ya kipumbavu. Lakini hata huyo anatolewa kwa kupelekwa mahali pengine pa matibabu, kwa simu iliyopigwa na barua iliyoandikwa. Na kumweka katika fungu moja na aliyekunywa chupa moja njiani akaja kusema mwenyewe ni uvivu wa kufikiri, ingawa huitwa nidhamu.

Ipo pia hoja ya fedha, kwamba mwenye kurudia rudia anakula nafasi na pesa za bure. Mwaka 2005 mjini Seattle lilifunguliwa jengo la vyumba 75 kwa ajili ya walevi sugu wasio na makazi, wale waliokuwa wakiligharimu jiji zaidi kwa kuzunguka kati ya hospitali, mahabusu na vituo vya kulevuka. Hawakutakiwa kuacha pombe ndipo wapewe ufunguo. Waliruhusiwa hata kunywa vyumbani mwao. Wapo waliokasirika, kama unavyoweza kudhani. Marlatt alikuwa miongoni mwa watafiti waliofuatilia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kabla ya kuingia, gharama ya kati ya huduma za umma kwa mtu mmoja ilikuwa dola 4,066 kwa mwezi. Baada ya miezi 12 ilikuwa dola 958. Na unywaji wenyewe, bila mtu kulazimishwa, ulishuka kutoka wastani wa kati wa vinywaji karibu 16 kwa siku hadi chini ya 11. Vinywaji 10 kwa siku bado ni vingi mno, sitaki kumpamba mtu. Lakini wanaopenda kutuhubiria juu ya kubana matumizi wazitazame hizo dola kwanza.

Siandiki haya ili nyumba zetu zigeuzwe baa. Tunapofanya kazi mimi na wenzangu, lengo ni kuacha kabisa, na wengi wanaokuja kwetu hawana njia nyingine salama. Tofauti ni kile tunachofanya mtu akiteleza. Analala palepale, akipimwa ikibidi. Asubuhi, akishakuwa na akili timamu, tunakaa naye na karatasi, tunarudi nyuma saa kwa saa: ulipotoka ulikuwa umelala? Umekula? Nani alisema nini? Ulipita njia ipi, na kwa nini hiyo? Ajabu ni kwamba mara nyingi uamuzi unakutwa mbali sana na chupa yenyewe, kwa mfano alipoamua kuzima simu. Kisha tunamfundisha kuikalia hamu bila kupigana nayo, jambo ambalo Marlatt alilifananisha na kupanda wimbi: linainuka na linatisha, halafu linashuka lenyewe. Tunaweka saa ya ukutani mbele yake atazame. Mara nyingi halimalizi nusu saa, na mgonjwa anayeona hivyo kwa macho yake anashangaa kuliko tulivyowahi kumshangaza kwa mihadhara.

Ni kazi ya kuchosha. Kufunga begi ni dakika kumi. Kurudi nyuma saa kwa saa na mtu mwenye kichwa kinachouma na hasira za kuaibika ni asubuhi nzima, na huenda ukairudia tena mwezi ujao na mtu yule yule. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya umaarufu wa kufukuza.

Mwandishi wenu alisema atarudi kwenye nyumba zile kwa makala nyingine. Namwomba safari hii asiishie kwa waliohitimu na picha zao za vyeti. Aombe aone daftari la waliofukuzwa, achague majina ya mwaka mmoja, atafute wako wapi sasa na nani aliwapokea jioni ile. Na akiambiwa daftari hilo halipo, basi aandike hivyo hivyo, kwamba halipo.

Wako,
Mshauri nasaha, nyumba ya upataji nafuu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)