Bisi za kwenye ndoo zinakosa chavua, si mbolea

Mhariri,

Wapo wakazi wa Nakuru na Kisumu wasio na shamba wanaopanda mahindi ya bisi kwenye ndoo. Mabua hurefuka, mbelewele hutoka, lakini hindi likimenywa ni mapengo matupu. Lawama huangushiwa mbolea. Mara nyingi kilichokosekana ni chavua, ule unga wa manjano wa mbelewele.

Kila uzi wa ndevu za hindi hupeleka chavua kwenye punje moja, na usipopata chavua punje hiyo haipo. Ndoo tatu zilizopangwa mstari mmoja kando ya ukuta hazitoshi, kwani upepo hupeperusha chavua nyingi kwingine. Wala usitegemee mahindi ya jirani: aina nyingi za bisi hukataa chavua ya mahindi ya kawaida. Panda mabua yasiyopungua kumi na mawili siku moja, ndoo zikiwa zimebanana kwa umbo la mraba. Ndevu zikichomoza, subiri umande ukauke asubuhi, kung'uta mbelewele juu ya karatasi, kisha nyunyiza ule unga wa manjano kwenye ndevu. Rudia kwa siku nne au tano.

Ndoo iwe ya lita 20, yenye matundu sita au manane chini. Changanya udongo sehemu mbili na samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Zika punje nne, kina cha sentimita 3, kisha ubakishe miche miwili yenye nguvu. Ikifika magotini, tia kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya CAN kwa kila ndoo, mbali na shina, na umwagilie papo hapo. Mvua isikudanganye: majani mapana huweza kumwaga maji nje ya ndoo, kwa hiyo chovya kidole udongoni kabla ya kuamini kwamba umelowa. Wakati wa ndevu, ndoo ikikauka hata siku moja utaiona hasara kwenye hindi. Kwa jua la Kisumu, ndoo nyeusi huchoma mizizi. Ifunike gunia ubavuni.

Viwavijeshi hujificha katikati ya majani machanga. Ukiona kinyesi chao hapo, wabandue kwa mkono mapema.

Kazi nyingine huharibika baada ya kuvuna. Bisi hupasuka kwa mvuke wa maji yaliyofungiwa ndani ya ganda gumu, na punje hutaka unyevu wa asilimia 13 hadi 14 hivi. Sisi tumezoea kuanika mahindi kwenye turubai juani mpaka yalie kwa ukavu. Bisi ukizifanyia hivyo ganda hupata nyufa, mvuke ukatoroka. Acha maganda ya nje ya hindi yakaukie kwenye bua, kisha tundika mahindi kivulini penye upepo. Kila wiki kaanga punje kumi. Zikipasuka ndogo na kutafunika kama mpira, bado mbichi. Zikibaki mawe mengi sufuriani, zimekauka mno: weka vikombe vitatu vya punje kwenye chupa, ongeza kijiko kimoja cha mezani cha maji, funga, tikisa mara kadhaa kwa siku, na ujaribu tena siku ya nne. Zenye ukungu zitupwe zote, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaangwa.

Mkulima wa mjini,
Nakuru