Barua ya shukrani baada ya usaili

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kwa kuwa baadhi yenu mmefanya usaili leo katika kampuni binafsi na mashirika, nawaomba sana msilale kabla ya kuandika barua pepe fupi ya shukrani, kwa sababu ikifika ndani ya saa 24 huwakuta wasaili bado wanakumbuka sura na majibu yenu. Mistari mitano au sita inatosha. Kinachoipa uzito ni jambo moja mahususi mlilozungumza, kwa mfano: “Nashukuru kwa muda wenu wa leo. Maelezo yenu kuhusu hesabu za ghala kutolingana na stakabadhi yameniongezea hamu ya kazi hii, kwani ndilo jambo nililolishughulikia katika mafunzo kwa vitendo.” Msiulizie mshahara humo, wala msinakili barua ya mwenzenu, maana wajumbe wa jopo moja huonyeshana. Kwa waliosailiwa na Sekretarieti ya Ajira, chombo cha Serikali ya Tanzania kinachosimamia ajira za utumishi wa umma, hali ni tofauti: matokeo hutolewa kwa utaratibu wa Serikali, hivyo msiwatafute wasaili, bali fuatilieni akaunti zenu za Ajira Portal, tovuti yake ya maombi ya kazi. Atakayependa nimsomee rasimu yake kwanza anitumie kabla ya saa tatu usiku.