Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: kuta za makanisa nazo ni nyaraka

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kwa Kiswahili ili Waswahili wenzangu tunaoishi huku waisome barua hii na kudai haya pamoja nami.

Kijijini Ashwell, katika jimbo la Hertfordshire, ndani ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria, kuna maneno ya Kilatini yaliyokwaruzwa ukutani. Yanataja mwaka 1350 na tauni iliyopita: ya kuhuzunisha, kali, katili, watu hafifu ndio waliobaki kushuhudia. Kisha yanataja upepo mkuu uliovuma siku ya Mtakatifu Maurus, mwaka 1361. Mwandishi hakuacha jina.

Mheshimiwa, naomba utafakari uzito wa maneno hayo. Uingereza haikuwa na madaftari ya parokia hadi 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoagiza kila kasisi aandike ubatizo, ndoa na maziko. Vifo vya tauni ile wanahistoria huvikadiria kwa njia za kuzunguka: rejista za maaskofu huonyesha parokia zilizopewa makasisi wapya mmoja baada ya mwingine, na hati za mabaraza ya mabwana wa ardhi huonyesha mashamba yaliyopoteza wenyewe. Zote hizo ni kazi za makarani wa wakubwa. Pale Ashwell anasema mtu aliyenusurika, tena ndani ya kanisa la kijiji. Sauti ya namna hiyo ni adimu mno. Na si moja tu: kwenye nguzo ya kanisa hilohilo mtu mwingine amelalamika kwamba pembe za jengo hazikuungwa sawasawa, akaandika kuwa anazitemea mate!

Madaftari yamepata ulinzi. Kanuni ya Kanisa la Uingereza ya mwaka 1978 inataka daftari lililopita miaka 100 lipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya dayosisi, isipokuwa askofu akiruhusu libaki. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote, maana ni katika kumbukumbu za parokia ya St Botolph, Aldgate, jijini London, ndimo tunamokutana na Mary Fillis, msichana mwenye asili ya Morocco aliyebatizwa mwaka 1597. Bila karani yule, nani angejua kwamba Waafrika walikuwa majirani wa kawaida mjini humo wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza?

Lakini ukuta hauhamishiki. Kinga yake ni paa. Wezi wakiezua usiku mabamba ya risasi, ile metali laini iliyoezekea paa, mvua hupenya, na jiwe laini la chaki, kama lile la Ashwell, humeguka tabaka kwa tabaka pamoja na herufi zake. Ukarabati wenyewe pia unaweza kuua. Katika karne ya 19 makanisa mengi yalikwanguliwa lipu ya kale kwa nia njema kabisa, na William Morris, msanii na mshairi, alianzisha chama cha kupinga ukwanguaji huo mwaka 1877. Yaliyokuwa juu ya lipu ile hayatarudi. Sisi wa pwani twalifahamu jambo hili: majahazi yaliyochorwa kwenye lipu ya magofu ya Gedi na Songo Mnara hayarudi yakishabanduka, sawa na meli zilizokwaruzwa kwenye nguzo za kanisa la Blakeney, Norfolk.

Sasa nije kwenye fedha. Anayejenga nyumba mpya ya kuishi hatozwi VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Anayekarabati kanisa la zama za kati hutozwa asilimia 20. Mwaka 2001 serikali ilianzisha mpango wa kurudisha kodi hiyo kwa majengo ya ibada yaliyo kwenye orodha rasmi ya majengo ya kihistoria, halafu mwaka 2025 ukawekewa kikomo cha pauni 25,000 kwa jengo kwa mwaka, na kupangiwa kuendelea hadi Machi 2026 tu. Maana yake, kazi ilipozidi pauni 125,000, kodi ya ziada iliwaangukia waumini wenyewe, ambao vijijini mara nyingi ni wazee wachache. Hili si haki. Wanatunza mali ya taifa zima, halafu taifa linawatoza kwa kuitunza.

Naomba mambo mawili. Kwanza, VAT ya ukarabati wa majengo haya irudishwe yote, bila kikomo, na iwe kwa sheria, si kwa mpango unaosubiri huruma ya kila bajeti. Pili, yeyote anayepokea fedha hizo atakiwe, kabla fundi hajagusa lipu wala kupaka chokaa, kumulika kuta kwa taa ya ubavuni ili mikwaruzo ionekane, kupiga picha kila alama, na kuweka nakala kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Norfolk watu wa kujitolea walianza kazi hiyo mwaka 2010 kwa tochi na kamera. Tatizo si ugumu wala gharama, ni kwamba hakuna anayelazimika kuifanya.

Nitashukuru kupata jibu lako kabla ya bajeti ijayo kusomwa.

Wako kwa heshima,
Mswahili, mkazi wa Hertfordshire