Jerry Lawson apewe nafasi yake katika historia ya gemu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie makala ya gazeti lako kuhusu historia ya gemu za nyumbani. Nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likiandika habari hizo kwa kina, lakini makala ilianzia kampuni ya Atari na kuishia Sony bila kumtaja hata mara moja Gerald Lawson, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jerry, na hilo ni pengo kubwa.

Lawson, Mmarekani mweusi, alizaliwa New York mwaka 1940. Baba yake alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini na mpenzi wa vitabu vya sayansi, na yeye mwenyewe akiwa kijana alijipatia fedha kwa kutengeneza televisheni za watu majumbani. Miaka ya 1970 alifanya kazi katika kampuni ya Fairchild, California, ambako alikabidhiwa kuongoza kitengo cha gemu. Novemba 1976 kampuni hiyo ilitoa Channel F, mashine ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti za gemu zenye programu ndani yake, hivyo mchezaji aliweza kuchomoa moja na kuchomeka nyingine. Atari ilitoa yake mwaka 1977.

Mashine kama ile ya Pong, gemu ya Atari inayofanana na tenisi ya mezani, iliyoingia majumbani mwaka 1975, ilikuwa na gemu yake ndani ya saketi zenyewe, na aliyeichoka hakuwa na la kufanya ila kununua mashine nyingine. Kuiweka programu ndani ya kaseti kulihitaji kazi ngumu ya uhandisi, kwa sababu kaseti ingechomekwa na kuchomolewa mara nyingi na mikono ya watoto, umeme unaojikusanya mwilini ungeweza kuunguza chipu iliyomo ndani, na serikali ya Marekani nayo ilikuwa na masharti makali dhidi ya kifaa chochote cha kutoa mawimbi ya kuvuruga televisheni. Matatizo hayo yote yalitatuliwa chini ya uongozi wa Lawson. Wasomaji waliokua miaka ya 1990 na kubadilishana kaseti za gemu mtaani, wakizipuliza vumbi kabla ya kuzichomeka, walikuwa wakitumia njia iliyofunguliwa na timu yake.

Hata hivyo, nisingependa tumsifu kwa asichokifanya. Mitandaoni wapo wanaodai kwamba aliivumbua kaseti hiyo peke yake. Wazo la awali na sampuli ya kwanza vilitoka kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ndogo ya Alpex, na umbo la kaseti lilibuniwa na wenzake wa Fairchild, Nick Talesfore na Ron Smith. Lawson ndiye aliyelipima wazo hilo, akaona linafaa, kisha akaiongoza timu iliyolifanya kuwa bidhaa ya dukani. Sifa hiyo inamtosha, wala haihitaji kuongezewa chumvi.

Naamini jina lake lilipotea kwa sababu Atari iliuza zaidi, Fairchild ikajitoa katika biashara hiyo, na waandishi wakamfuata mshindi. Chama cha kimataifa cha watengenezaji wa gemu kilimtunuku heshima Machi 2011. Mwezi uliofuata akafariki dunia.

Lawson alipata kusimulia kwamba mwalimu wake wa darasa la kwanza aliweka picha ya mwanasayansi mweusi George Washington Carver karibu na dawati lake, ili ajue kwamba naye anaweza kufika huko. Nafundisha fizikia sekondari, na wanafunzi wangu wanayajua majina ya matajiri wa teknolojia kuliko ya wahandisi wao. Naomba gazeti lako litoe makala kamili kumhusu Lawson, pamoja na picha yake, nami nitaibandika kwenye ukuta wa maabara yetu.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro