Karakana Inavuja, Watoto Wanachorewa Randa Ubaoni

Wazazi, walezi, wahitimu wa shule yetu na wana wa Bonde la Kilombero popote mlipo: Bwana Yesu asifiwe, tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum.

Tunaandika huku tukiona haya, maana mwaka jana tu tuliwagongea milango kwa ajili ya matundu ya vyoo, mkatoa. Lakini masika ya mwaka huu yametuumbua.

Karakana yetu ni stoo ya zamani, na bati zake zimeliwa na kutu hadi ukiwa ndani unaona mawingu. Mvua ilipokaza mwezi wa nne, maji yalishukia moja kwa moja meza ya useremala. Mbao za misaji tulizopewa na msamaria zikapinda kama upinde. Mashine ya kuchomelea iko chini ya turubai mpaka leo. Mwalimu anaogopa shoti, na ana haki. Siku za mvua huwahamishia wanafunzi darasani, akashika chaki na kuwachorea randa: hapa unashika, hapa kinakaa kisu, unasukuma hivi. Watoto 41 wakasukuma hewa. Mjumbe wetu mmoja alichungulia dirishani akacheka, kisha akaondoka kimya.

Hawa ndio walioingia kidato cha kwanza Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza, wakaingia mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi. Mwakani wanamaliza, na lengo la mkondo huo ni kijana atoke na cheti cha kidato cha nne na cha ufundi kwa pamoja. Zamani ufundi ulikuwa wa waliofeli. Kijana alikuwa saidia fundi miaka mitatu, anabeba zege, anatumwa soda, cheti hana. Na ni sisi wazazi tuliowaambia, "Usiposoma utaishia kuwa fundi." Leo misaji inaota hapa hapa bondeni, na mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, tusifichane, tumeununua Dar.

Likizo iliyopita tuliwapeleka watoto kwa mafundi wa mtaani. Wengi waliwapokea vizuri, Mungu awabariki. Ila mahali pamoja kijana alichomelea geti akiwa na miwani ya jua, kwa sababu kinyago kilikuwa kimoja na fundi ndiye aliyekivaa. Usiku mama yake alitubishia hodi na mtoto analia, macho kama yamejazwa mchanga. Alipona. Lakini mama amekataa asirudi kule, nasi hatuna la kumwambia mpaka vinyago vipatikane.

Mahitaji ni haya. Bati 72 za geji 28 kwa sh. 32,000 kila moja, sh. 2,304,000. Mbao za kenchi na misumari, sh. 1,450,000. Randa, patasi, misumeno, jiliwa na vinyago, sh. 1,900,000. Jumla sh. 5,654,000. Mkononi tuna sh. 1,317,000, na sehemu kubwa ni ya kina mama wa vikoba. Pungufu ni sh. 4,337,000. Kuezeka, mafundi wa mtaa wamejitolea bure, na watoto watapanda nao juu ya paa.

Elimu ni bila ada na mchango huu ni hiari. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Lakini zile maabara tatu za shule za kata, daftari lilipita nyumba kwa nyumba na mkatoa hadi tofali. Na kadi ya harusi ya double tunailipa laki bila kuuliza bajeti, hata kama wali ulituishia foleni haijafika nusu.

Fedha zote ziingie akaunti ya shule, si simu ya mtu. Kila mchangiaji atapata risiti. Mapato na matumizi yatabandikwa ofisi ya kata na kusomwa kanisani na msikitini. Majina ya ahadi za mwaka jana ambazo hazijalipwa tunayo pia, hayo hatutayasoma.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Mpunga ndio unavunwa, asiye na fedha alete debe, tutapima pale pale. Na kama kuna randa ya babu imelala darini, ije hata na kutu yake.