Malalamiko kuhusu keki sita za Krismasi, hasa ile moja niliyosema isiwe na pombe

Kwa Meneja,

KUH: ODA YANGU YA KEKI SITA ZA MATUNDA, NILIYOLIPIA TAREHE 18 NOVEMBA

Heri ya mwaka mpya. Hii barua nilitaka kuiandika tarehe 24 usiku lakini nikaona vile nilikuwa na hasira ningeandika vitu vya kunitia aibu baadaye, nikaacha Krismasi ipite, mwaka mpya nao ukapita, watoto wakarudi shule, na leo nimekaa chini na kikombe cha chai nikagundua hasira bado iko palepale, kwa hivyo wacha niandike tu.

Kwanza mjue mnaongea na mtu anayejua keki. Mimi huoka mwenyewe. Nilifundishwa na mamangu huko Machakos kabla stima haijafika kwetu, sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko, unakaa hapo ukilia na moshi masaa matatu na huruhusiwi kufunua kuchungulia. Siku hizi niko na oveni hapa South B, Nairobi, na kila mwaka Oktoba ikiisha naenda Nyamakima nanunua zabibu kavu, nachanganya na maganda ya machungwa niliyochemsha na sukari mwenyewe, nazimwagia brandi, nafunika jagi naweka juu ya kabati mahali watoto hawafiki. (Baba yao hufika, lakini hiyo ni kesi ingine.) Sasa safari hii oveni iliungua elementi mwezi wa kumi, fundi wa Ngara akaibeba ati ni ya siku mbili, na mpaka leo mimi na hiyo oveni tunasalimiana kwa simu tu. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenu.

Tangazo lenu lilisema keki ya kilo moja na nusu, zabibu, cheri, lozi na maganda ya machungwa, matunda yamelowekwa wiki sita. Bei 2,800 kwa moja. Nikatuma 16,800 kwa M-Pesa siku hiyohiyo, zote, sikuomba hata kupunguziwa, kwa sababu najua keki ya matunda ikifanywa vizuri si kitu cha bei rahisi, zabibu peke yake zinamaliza mfuko. Na nikawaandikia kwa WhatsApp, skrinshoti nimeweka pamoja na hii barua: “Tano ziwe na brandi, moja isiwe na pombe hata tone, ni ya jirani yangu Mwislamu, tafadhali muiwekee alama.” Mkanijibu “Sawa dia” na kaua kekundu.

Hiyo “sawa dia” ndiyo imenifanya niandike. Haya mengine ningemeza tu kama vile sisi wote tunamezaga.

Huyo jirani tumeishi naye mlango kwa mlango miaka sita. Siku ya Idd mimi sipiki, biriani hunipata nyumbani na kachumbari yake pembeni na pilipili ya watoto imetengwa. Na mimi Krismasi nampelekea keki. Yake huwa naitengeneza kivyake kabisa, zabibu naloweka usiku mmoja kwa chai ya rangi yenye iliki na mdalasini na maji ya chungwa, mwiko ni mwingine, bakuli ni lingine, na hata vanila naangalia chupa kwanza kwa sababu kuna vanila zimetengenezwa na pombe na watu hawajui. Halafu naoka tarehe 23 si mapema, maana keki isiyo na pombe haikai sana. Ya brandi unaweza kuoka Novemba na ukiifunga vizuri ikaingia mwaka mpya inazidi tu kuwa tamu, sukari na pombe zinaizuia kushika ukungu. Nawaambia haya yote mjue ile alama sikuomba kwa maringo.

Mlisema mtaleta tarehe 20. Zikaja tarehe 22 saa mbili usiku, mvua inanyesha, mtu wa boda amelowa mpaka nikamwonea huruma nikampa chai. Boksi sita. Lebo hakuna. Hakuna viungo vilivyotumika, hakuna tarehe ya kuokwa, hakuna uzito, ni jina lenu tu kwa maandishi ya dhahabu. Nne zina riboni nyekundu, mbili zina riboni ya kijani. Nikapiga simu ya kwanza, ya pili, ya tatu ndio msichana akashika.

“Isiyo na pombe ni gani?”

“Yenye riboni ya kijani, dia.”

“Za kijani ziko mbili.”

Akanyamaza, nikasikia mtu nyuma yake anauliza kitu kuhusu mishumaa, kisha akarudi akaniambia, “Basi hizo zote mbili hazina.”

Sasa mimi niliitisha moja, nyinyi mnanipa mbili, kwa nini? Hapo ningeshtuka, na nakubali kosa dogo ni langu. Nilijaribu kunusa kupitia ile naylon lakini zote zilikuwa zinanukia ile eseni ya ramu ya kwenye chupa ndogo, pua ikashindwa. Ningeikata nijue, lakini nani anapeleka zawadi iliyokatwa? Nikawaamini. Tarehe 23 jioni nikampelekea jirani keki yenye riboni ya kijani, nikamwambia kwa mdomo wangu, “Hii ni ile yako, haina kitu.”

Kesho yake saa tisa mchana nasikia hodi. Ni yeye, amebeba lile boksi, riboni imefungwa tena vizuri kuliko vile nyinyi mliifunga, na juu yake sahani ya mahamri ya moto imefunikwa na kitambaa. Binti yake anafanya kazi jikoni kwa hoteli, alikuwa amefungua karatasi tu, kisu hakijagusa, akamwambia mama hii wacha, hii imemwagiwa pombe. Jirani akaniambia polepole hivi, “Usijali, najua si wewe.” Mwaona? Mimi nimempelekea haramu mpaka mezani kwake na yeye ananirudishia na mahamri kwa sababu kwao chombo hakirudi kitupu. Nilikosa pa kuweka uso. Nilishukuru nikafunga mlango nikakaa kwa kiti cha jikoni na ile sahani mapajani, mahamri yanapoa, sikuweza hata kuyala. (Baadaye niliyala.)

Nikawapigia tena. Kijana mmoja wa kastoma kea, huyu alikuwa na heshima lakini alikuwa amekariri, akaniambia nisijali kwa sababu pombe yote huisha kwa oveni. Wacha nimjibu hapa kwa sababu kwa simu nilikuwa natetemeka. Moja, si kweli, sehemu huisha na sehemu hubaki, inategemea keki imekaa motoni muda gani. Mbili, hiyo brandi yenu haikuwahi kuona oveni. Nilipofungua ile nyingine ya kijani siku ya Krismasi nikaona wazi juu kumelowa kunanata na kunanukia, ukishuka vidole viwili chini ni kavu kama mkate wa jana. Yaani mlioka, mkatoa, mkanyunyizia juu kama mtu anamwagilia sukuma. Keki ya brandi hutobolewa na njiti kila mahali ikalishwa kijiko kimoja kimoja, wiki baada ya wiki, ishuke mpaka chini. Na tatu, hata ingekuwa imebaki tone, jirani yangu si mtu wa kupimiwa matone. Alisema hali pombe, nikawaambia hali pombe, mkasema sawa dia.

Tukiwa hapo kwa kukata, wacha niseme na mengine. Zile “cheri” zenu ni papai. Papai bichi lililokatwa vipande vidogo vya mraba, likachemshwa na sukari, likapakwa rangi nyekundu na kijani. Si sumu, na mimi mwenyewe nishaitumia kwa keki za watoto, lakini haiitwi cheri na haiuzwi kwa bei ya cheri. Lozi nilitafuta mpaka nikawaita watoto wanisaidie kutafuta, wakafikiri ni mchezo, wakashindwa. Zabibu zote zilikuwa zimezama chini zimelala kwa mstari mmoja kama abiria wamefukuzwa kwa matatu, na hii inatokea uji wa keki ukiwa mwepesi kwa matunda mazito, haukuweza kuyabeba. Na ukizing’ata ni ngumu. Zabibu iliyolowekwa wiki sita hufura ikawa laini, ukiibonyeza inatoa maji. Hizi hazikulowekwa wiki sita, sijui kama zilipata hata siku mbili. Ile rangi nyeusi nayo ni sukari ya kuunguza, hapo siwalaumu sana maana hata mimi huunguza kidogo, lakini yenu ilizidi mpaka ikawa chungu nyuma ya ulimi.

Uzito. Hiyo tarehe 24 jioni nilivyokuwa na hasira nilibeba zile mbili za kijani, bado nzima, nikateremka bucha ya hapa chini nikamwomba mwenyewe anipimie. Akacheka, “Mama, hii ni nyama gani?” Moja ikasoma kilo moja na gramu 180, nyingine kilo moja na gramu 210, na hapo boksi na riboni ziko ndani ya mizani. Mlisema kilo moja na nusu.

Ile ya Machakos niliipeleka na basi. Mamangu hakujua nimenunua, alifikiri nimeoka, na mimi kwa uoga sikusema. Akanipigia siku ya Krismasi, akanisalimia, akauliza watoto, akauliza mvua ya Nairobi, halafu akasema, “Keki nimeiona. Mwanangu, siku hizi una haraka sana?” Mama yangu hatukani mtu, hivyo ndivyo anavyotukana. Nyingine zilienda kwa bosi, kwa shemeji na kwa wamama wa chama. Bosi hajasema kitu mpaka leo na mimi sijamuuliza.

Mtoto wa dadangu anasomea sheria na alikuwa hapa likizo, amenionyesha Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ana haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu anachonunua, na ana haki ya fidia akipata hasara. Alitaka niende mbali zaidi, amechangamka sana huyu mtoto, lakini nimemwambia ngoja kwanza niandike barua kama mtu mzima.

Kwa hivyo nataka hivi. Mnirudishie 2,800 za ile keki iliyokuwa isiwe na pombe, yote. Kwa zile tano zingine nimekadiria mmeniibia karibu gramu 300 kwa kila moja, hiyo ni sehemu moja kwa tano, yaani shilingi 560, mara tano ni 2,800. Jumla 5,600, mtume kwa ile namba niliyolipia. Msinitumie vocha. Msinitumie keki, tafadhali sana msinitumie keki.

Na muanze kuweka lebo. Kipande cha karatasi kinachosema ndani kuna nini na kama kuna pombe, iwe ni brandi au ni eseni, na msitumie riboni kama alama kama nyinyi wenyewe hamjui maana yake. Hapa mjini hakuna ploti haina Mwislamu, haina Mwakurino, haina mtu wa Sabato, haina mtu ameacha kunywa juzi na anajitahidi, haina mama mjamzito. Mnawauzia watu keki za kupeleka kwa wengine, anayekula siye aliyeweka oda, na hana njia ya kuwauliza.

La mwisho, mumwandikie jirani yangu. Mimi nishamwomba msamaha mara tatu mpaka ameanza kuchoka na mimi, lakini kosa ni lenu na lazima aone limeandikwa na nyinyi. Kwa Kiswahili, kwa karatasi, si kaua kekundu. Muilete kwangu nitampelekea.

Ile keki yake bado iko hapa juu ya friji, nzima, na riboni yake ya kijani. Mumtume yule kijana wa boda aichukue anapoleta hiyo barua, aje baada ya saa kumi na moja jioni nikiwa nimetoka kazini, na safari hii mumnunulie koti la mvua.

Wenu,
Mteja wa South B