Kodi ya faida haimfukuzi mtu kazi

Ndugu Mhariri,

Kila inapotajwa kodi ya matajiri, hakosekani wa kusema kwamba wakiongezewa, watapunguza watu kazini. Husemwa kama hesabu iliyokwisha pigwa. Basi tuipige.

Kodi ya kampuni hutozwa kwenye faida, na mshahara hutolewa kwanza kama gharama. Tuseme mfanyakazi mpya analipwa 10 kwa mwezi na kazi yake inaingiza 15. Faida imeongezeka 5. Kodi ikiwa asilimia 30, mwajiri anabakiwa na 3.5, ikipanda hadi 40, anabakiwa na 3. Kweli amepunjika, lakini nani ataikataa hiyo 3 kwa kususia 0.5 iliyokwenda? Na kama wateja hawapo, hata kodi ikifutwa yote, huyo mtu haajiriwi. Akae pale afanye nini?

Marekani wameyaonja yote mawili. Mwaka 1993, chini ya Rais Clinton, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilipandishwa kutoka asilimia 31 hadi 39.6, na katika miaka yake minane ajira ziliongezeka kwa zaidi ya milioni 20. Sisemi kodi ndiyo iliyozileta, nasema haikuzizuia. Jimbo la Kansas lilishika njia nyingine: mwaka 2012 liliwafutia wamiliki wa biashara nyingi kodi ya jimbo kwenye mapato ya biashara zao, kwa ahadi ya ajira tele. Bajeti ikatoboka. Mwaka 2017 wabunge, wakiwemo wengi wa chama cha gavana mwenyewe, waliifuta sheria hiyo na kuipiku kura yake ya turufu.

Wanaolalamika wana hoja moja ninayoikubali. Kuna kodi zinazogusa ajira moja kwa moja: ile ya mauzo ghafi, yaani mauzo yote kabla ya kutoa gharama, inayomkamua hata aliyepata hasara, na michango inayopanda kila unapoongeza jina kwenye orodha ya mishahara. Mfanyabiashara mdogo anayedaiwa kodi katika mwezi ambao hakupata kitu atamwambia kijana wake apumzike kwanza, na simlaumu.

Ajabu ni kwamba wanaoililia ajira kwa sauti kubwa, kodi hizo hawazigusi. Wao wanataka zipunguzwe kodi za faida na za gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa.

Msomaji wako wa siku nyingi